Kijana mpangaji alijaribu kujiua, tulimuokoa, sasa mwenye nyumba ataka nimpeleke polisi. Sheria yasemaje?

MamaMahamri

Asalam aleikum, na wengine habari zenu. Nauliza hapa kwa sababu mtaani nikifungua mdomo asubuhi, adhuhuri habari ishafika Kongowea.

Mimi nauza mahamri na mbaazi barazani, Mishomoroni, hapa Mombasa, na nyumba hiyo hiyo ndiyo ninayomkusanyia mwenyewe kodi. Ni nyumba ya Kiswahili ya zamani, ukumbi katikati, vyumba sita, choo na kisima uani. Mwenye nyumba hakai hapa, huja mwisho wa mwezi. Chumba cha mwisho kushoto akaa kijana wa miaka ishirini na kitu, afanya vibarua kwenye bohari moja huko Jomvu. Mpole, hana makelele, asubuhi huchukua mahamri yake na mbaazi za kumwagia juu, deni hulipa Jumamosi bila kukumbushwa.

Siku hiyo hakuja. Simu yake yalia ndani, yakatika, yalia tena. Nikagonga, nikamwita kwa jina. Nikasikia mtu avuta pumzi kwa tabu. Nikamwamsha dereva wa tuktuk wa chumba cha pili, akaupiga mlango teke, komeo likang'oka na kipande cha ubao. Alichokuwa amefanya sitakiandika, si cha watu kusoma. Fahamu alikuwa nazo. Alitutazama, akasema, "Niacheni. Sijamwita mtu mimi." Dereva akasita, maana ni mtu wa adabu zake, akaniangalia kama aniuliza tufuate neno la nani. Nikamwambia shika miguu.

Majirani nao washaanza: mpeni maziwa, mpeni mafuta ya kula, mtieni kidole kooni atapike. Sikuwasikiliza, lakini sikujua kama nimefanya sawa.

Sasa sikizeni. Zahanati ya kwanza, ya mtu binafsi, tuliambiwa mlangoni: hii ni kesi ya polisi, leteni namba ya OB, ile ya daftari la matukio la polisi, ndipo daktari amguse. Kijana yuko ndani ya tuktuk, kichwa begani kwangu, leso yangu imelowa matapishi, na mlinzi anielekeza kituo cha polisi kana kwamba mimi mgeni wa Kisauni. Tukageuza. Hospitali ya serikali walimpokea, karatasi hawakuuliza. Baadaye askari mmoja aliyekuwa pale kwa shughuli zake akachukua jina langu na namba ya simu, akaniuliza kama najua kwamba hilo ni kosa la jinai. Sikumjibu kitu.

Kijana yu hai, alhamdulillahi, amerudi chumbani. Na sasa ndiyo mambo yaanza.

Mwenye nyumba kaambiwa na nani sijui. Kanipigia asema nyumba yake haitaki kesi, nimpeleke kijana kituoni aandikishwe, kisha ahame kabla ya tarehe moja. Asema ni miaka miwili ndani, na mimi nikinyamaza nitakuwa nimeficha mhalifu.

Halafu kuna mamake, yuko Voi. Namba yangu anayo tangu siku kijana ahamia. Kashanipigia: "Dada, mbona mwanangu hapokei simu?" Na kijana kanishika mkono: "Kila mtu mwambie, mama usimwambie, ana presha." Yule mama nilimwambia mwanawe ana homa. Atapiga tena, najua.

Na dereva naye hana raha. Tulivunja mlango wa mtu, tukamchukua mtu mzima kwa nguvu akisema hataki. Kesho akigeuka akisema mlinidhulumu?

Wajuao sheria nambieni. Na wajuao dini pia, maanake kuna mmoja msikitini kashaanza kusema maneno.

---

Mzee wa Feri

Dadangu, jitoe mapema. Hiyo ni kesi, kifungu cha 226, miaka miwili. Mimi nilikuwa na binamu alishtakiwa kwa hilo, alisimama kizimbani na plasta mkononi. Askari kachukua jina lako, maana yake utaitwa shahidi. Nenda kituoni wewe kwanza uandikishe, uwe salama. Kijana ni wa watu, lakini wewe una watoto wako.

---

KaraniKortini

Mzee wa Feri, kwa heshima zote, ya binamu yako yalikuwa kweli wakati wake. Sheria hiyo haisimami tena. Mama, soma polepole, ikibidi msomee na mwenye nyumba kwa simu.

Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilisema anayejaribu kujiua ana hatia. Adhabu haikuandikwa pale pale, ilitoka kifungu cha 36: jela isiyozidi miaka miwili, au faini, au vyote viwili. Ndipo hiyo "miaka miwili" ya mwenye nyumba ilipotoka. Tarehe 9 Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu kule Nairobi alitangaza kwamba kifungu hicho chapingana na Katiba. Kesi ilikuwa ya mwaka 2022, waliokwenda kortini ni Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu pamoja na chama cha madaktari wa magonjwa ya akili na mwanaharakati mmoja. Jaji alitazama Ibara ya 27 inayokataza ubaguzi, ya 28 ya utu wa mtu, na ya 43 ya haki ya afya. Akasema kumshtaki mtu kwa jambo linalotokana na ugonjwa wa akili ni kumbagua, ni kumvunjia heshima, na ni kumfanya aogope kutafuta tiba. Tamko la Mahakama Kuu juu ya Katiba si la Nairobi peke yake. Mishomoroni limefika, hata kama askari yule hajalisikia.

Kwa hiyo hakuna kosa, na pasipo kosa hakuna mhalifu wa kufichwa. Huna wajibu wa kumpeleka kituoni. Askari akikupigia, mjibu kwa adabu. Ana haki ya kutaka kujua kama kuna mtu mwingine aliyemdhuru kijana, hilo ni jambo lake halali. Mwambie uliyoyaona, basi, usiongeze sababu wala dhana zako.

Kilichobaki hai ni kifungu cha 225. Anayemshawishi mwenzake ajiue, au anayemsaidia, adhabu yake yaweza kufika kifungo cha maisha. Nakitaja kwa makusudi, kwa sababu vijana wa mitaani wana mchezo wa kumwambia mtu aliyenusurika "mbona hukumaliza". Waambie huo si mchezo.

Zahanati. Hapa ndipo palipovunjwa sheria, si chumbani kwa kijana. Ibara ya 43 kifungu cha pili yasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017 ikaifafanua: kumhudumia kabla ya hospitali, kumtuliza hali yake, na kupanga apelekwe kwingine kama wao hawana uwezo. Kituo chenye uwezo kikikataa, kituo hicho ndicho chenye kosa. Namba ya OB haimo popote kama sharti la kuokoa roho. Ukitaka kulalamika, peleka kwa Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, lile la KMPDC, uandike siku, saa na maneno uliyoambiwa. Jina la mgonjwa usilisambaze.

Mlango: kosa la kuharibu mali lataka mtu awe ameharibu kwa kusudi na bila haki. Kuvunja komeo kumtoa mtu anayekata roho, hakuna mwendesha mashtaka mwenye akili zake atakayelipeleka hilo kortini. Na wala hukulazimika, jueni. Mpita njia nchini hapa hana wajibu wa jumla wa kisheria kumuokoa mtu asiye wake. Mlifanya kwa utu wenu.

Kuhusu kuhama: mpangaji alipaye kodi hupewa notisi, tena kwa maandishi. "Alijaribu kujiua" si sababu ya kumtupia virago nje. Mwenye nyumba akitaka kubadilisha kufuli usiku, kesi itakuwa yake yeye.

---

Tanga_Raskazone

Nyinyi Kenya mmetangulia. Huku kwetu Tanzania bado kimo kwenye Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 217. Wenzetu wa karibu na mpaka msichanganye, ukivuka Lungalunga sheria si moja.

Lakini niulize kwa nia njema: kwani hofu ya jela haikuwa inawazuia wengine?

---

KaraniKortini

Tanga, mtu aliyekwisha kuamua kufa jela ya miaka miwili yamtisha nini? Aliyeogopa ni yule aliyebaki hai, na jamaa zake.

Na lingine lanichekesha kwa uchungu. Kifungu hiki hatukukitunga sisi, kililetwa na Waingereza. Wao kwao walikifuta mwaka 1961. Sisi tukapata uhuru 1963, bendera tukabadilisha, kifungu tukakiweka mpaka 2025. Ghana walikitoa 2023.

---

SistaMstaafu

Mwenzangu MamaMahamri, mimi nilikuwa nesi miaka mingi wodi za hapa Mombasa, sasa nimestaafu niko Tudor. Karani kakueleza ya kortini, acha mimi nikueleze ya kitandani.

Anayeuliza kama hofu ilizuia watu: nimewahi kutundika dripu kwenye mkono mmoja wa msichana, mkono wa pili umetiwa pingu kwenye chuma cha kitanda. Askari alikuwa amekaa kwenye stuli ya wageni, ala ndizi. Kila nikija kubadilisha chupa, msichana aligeuza uso ukutani. Daktari akimuuliza alichokula na saa ngapi, ajibu hakumbuki, maana alijua jibu lake litakuwa ushahidi. Sasa wewe daktari utatibu nini? Familia nazo zilikuwa zasema ameanguka, ameumwa na nyoka, amekula chakula kibaya. Saa zapotea kwa kutafuta nyoka. Mwanga uliotoka kwenye uamuzi wa Januari 2025 ni huo: mgonjwa aweza kusema kweli mapema.

Maziwa. Sijui alichofanya kijana na sitaki ukiandike, lakini kwa kuwa majirani walikuja na maziwa na mafuta nitasema kwa wote wasomao. Mtu akiwa amekula au amekunywa kitu cha kumdhuru, usimpe maziwa, usimpe mafuta, usimtapishe kwa kidole. Kuna vitu vikipanda tena vyaunguza koo mara ya pili, na mtu anayepoteza fahamu aweza kuvuta matapishi mapafuni. Mlaze ubavu, angalia anavyopumua, chukua kopo au pakiti uliyoikuta uende nayo hospitali. Ukiacha kelele za majirani ulifanya sawasawa.

Sasa hili la "niacheni". Dereva wako ameuliza swali ambalo madaktari hukesha nalo, asidharauliwe. Kuna wagonjwa wenye akili timamu, wameelezwa ugonjwa wao na dawa zake, wanasema dawa hii sitaki, na ni haki yao. Nimewaona, hasa wazee wa saratani, na nimewaheshimu. Lakini yule ameelezwa, amepewa muda, ameulizwa tena kesho yake. Nyinyi mlikuwa mlangoni alfajiri, hamjui alichofanya, hamjui kama alikuwa akijitambua, na dakika zinakwenda. Katika dharura sheria ya afya yaruhusu mtu atibiwe bila kwanza kutafuta ridhaa yake, kwa sababu ukikosea kwa kumtibu aweza kukulaumu, ukikosea kwa kumwacha hayupo wa kukulaumu. Na wengi mno niliowaona, roho zao zilikuwa pande mbili. Wataka maumivu yakome, kufa ndiyo njia waliyoiona saa ile. Mwambie dereva alale.

Nguvu ina mpaka wake lakini. Kumtoa chumbani na kumfikisha hospitali, ndiyo. Kumfungia sasa, kumnyang'anya simu, kumpeleka kwa mganga wa Kombani bila hiari yake ati atolewe majini, hapana. Ameshapoa, mambo yake sasa yaamuliwe naye. Ikionekana yuko hatarini tena na hataki kwenda, kuna njia ya kisheria ya kulazwa bila hiari, chini ya Sheria ya Afya ya Akili iliyorekebishwa 2022, na wanaoamua hapo ni wataalamu. Si mwenye nyumba.

Kitu kimoja nakuomba usikiache: majuma haya baada ya kutoka hospitali ndiyo ya hatari zaidi. Watu hudhani akirudi nyumbani yameisha. Kaa naye. Muulize wazi, "Bado yakujia mawazo ya kujitoa uhai?" Usizunguke. Kumuuliza hakumtii wazo ambalo hana, hilo limechunguzwa na wataalamu na nimelishuhudia mwenyewe. Mara nyingi mtu hushusha mabega. Kile alichokitumia kiondoke nyumbani, na vya aina hiyo vyote, hata vya majirani vilivyo uani. Komeo jipya liwe lenye kufunguka kwa nje.

Kliniki: Port Reitz wana kitengo cha magonjwa ya akili, aende na karatasi aliyopewa siku ya kuruhusiwa. Usiku mzito akishikwa, Msalaba Mwekundu wana namba 1199, bure. Befrienders Kenya nao husikiliza watu. Iandike namba ukutani kwake, au bora aihifadhi kwa simu akiona mwenyewe.

Na mamake. Kijana ni mtu mzima, siri ya ugonjwa wake ni yake. Mimi ningekuwa kazini nisingemwambia mamake bila idhini, sheria ingenishika. Wewe si nesi, lakini siri ni ile ile. Ila nami naona mama ajue. Akija mwenyewe kulijua kwa watu wengine itakuwa vibaya zaidi.

---

Abu_Swafiya

Waaleikum salaam mama yangu. Umeuliza ya dini.

Kujiua ni haramu, hilo halina mjadala kati yetu. Lakini aya ile ile ya Suratun Nisaa inayotukataza tusiziue nafsi zetu yamalizika kwa kusema Mwenyezi Mungu ni mwenye kutuhurumia. Wasemaji wa msikitini huishia katikati ya aya. Na Suratul Maida yasema aliyeihuisha nafsi moja ni kama amewahuisha watu wote, hapo mko nyinyi, wewe na dereva wako.

Kijana yu hai, mlango wa toba haujafungwa, na mgonjwa kalamu ya kumwandikia madhambi si kama ya mzima. Kisha kusitiriana ni wajibu. Huyo anayesema maneno mwambieni imamu kwa faragha amnyamazishe. Msibishane naye barazani, mtakuwa mmemsaidia kueneza.

Kwa mama mzazi nafungamana na Sista. Mzazi ana haki yake.

---

Jina_Nimeficha

Nimesoma nikasema nipite, nimerudi.

Mimi nimewahi kuwa huyo kijana. Si Mishomoroni, mtaa mwingine wa Mombasa, siutaji. Aliyeniokoa alikuwa jirani, mtu mzuri kabisa. Akamwambia mke wake ili amsaidie kunipikia. Mke akamwambia shangazi yangu, kwa kuwa shangazi ni mtu wa dua. Shangazi akaliweka kwenye kikundi cha familia cha simu, watu wasome Yasin. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na nia mbaya. Mwezi haukuisha, kinyozi wangu aliniuliza naendeleaje kwa sauti ile, mnaijua. Nilihama.

Kwa hiyo Sista na Ustadh, "mama ajue" sawa, lakini ajue kwa kinywa cha nani? Kijana kasema mama ana presha. Huenda ni presha. Huenda ni kwamba mama ndiye anayemtegemea kwa pesa za kila mwezi na kibarua kimekatika. Huenda ni jambo lingine na mama yumo ndani yake. Nyinyi hamjui. Mimi mamangu angepigiwa simu siku ile ningeona nimekamatwa upya.

Kilichonisaidia mimi: yule jirani alianza kunituma. Nenda kanunulie mkaa, nishikie mtoto, twende tukatazame mpira. Hakunitazama kama yai. Na aliniambia mapema, "Siri yako ninayo, ila nikikuona warudi kule nitamwambia daktari, na nitakwambia kabla sijamwambia." Niliweza kuishi na ahadi hiyo kwa sababu niliiamini.

---

SistaMstaafu

Jina_Nimeficha, asante mwanangu. Nakubali, na naibadilisha kauli yangu. Mama asiambiwe mpaka kijana aseme, isipokuwa kijana akiwa hatarini tena. MamaMahamri, tumia maneno hayo hayo ya jirani yake, na usimuahidi siri ya milele maana huwezi kuitimiza. Mama wa Voi akipiga, usimwambie tena ni homa. Mwambie "alikuwa mgonjwa, alikwenda hospitali, sasa yuko hapa kwangu ala vizuri, mwenyewe atakupigia." Hapo hakuna uongo na hakuna siri iliyotoka. Kisha mpe kijana simu.

---

Mzee wa Feri

Nimesoma yote. Karani, huo uamuzi binamu yangu aweza kuutumia? Yeye alitozwa faini miaka mingi nyuma, na cheti cha polisi cha tabia njema kila akiomba kazi ya ulinzi kinamletea shida.

---

KaraniKortini

Hilo ni jambo la peke yake, mzee wangu, na linategemea faili yake. Asiende na neno la mtu wa mtandaoni. Aende kwa watetezi wa msaada wa kisheria akiwa na namba ya kesi na nakala ya hukumu, wamsomee.

---

MamaMahamri

Jazakumullahu khairan, nyote. Jina_Nimeficha, Mungu akulinde.

Mwenye nyumba nimempigia, nikamsomea ya Karani pole pole, tarehe na jina la jaji. Akasema, "Jaji huyo kalipa kodi ya chumba changu?" Nikamwambia kijana ndiye kalipa, mpaka mwisho wa mwezi, risiti niliandika mimi. Akanyamaza, kisha akaniuliza nani atalipa komeo. Nikamwambia komeo ni la nyumba, na nyumba ni yake. Hajasema ahame tena. Hajasema asihame pia. Notisi ya maandishi sijaiona, na mimi nd'o ninayeipokea, kwa hiyo tutaona.

Dereva nimemsomea ya Sista. Alisema "haya", akaenda kuosha tuktuk.

Kijana nilimwita jana nikiwa nakanda unga. Nikamuuliza vile Sista alivyosema, bila kuzunguka. Alichonijibu kitabaki kwangu na kwake. Port Reitz tumekubaliana Jumatatu, ataka dereva ndiye ampeleke, mimi nisije kwa sababu nitaongea sana. Sawa tu. Mamake bado. Alishika simu, akaiweka. Nilimwambia sina haraka ila mamake anayo, akacheka kidogo.

Asubuhi yuko barazani nami, asaidia kuwafungia watoto wa shule mahamri kwenye magazeti. Ayafunga vibaya, mbaazi zamwagika. Na yule wa msikitini alikuja kununua leo, akamtazama, akataka kufungua mdomo. Nikamwambia chenji sina, kanunue kwingine.

Karani, niambie kitu kimoja: malalamiko ya ile zahanati nikiyaandika kwa Kiswahili watayapokea? Na lazima niende Nairobi?

---

KaraniKortini

Kiswahili ni lugha rasmi kikatiba, Ibara ya 7. Andika. Nairobi huendi, yatumwa kwa mtandao. Yaandike kwa mkono kwanza leo, saa na maneno ya mlinzi yangali kichwani, kisha nitumie faraghani nikusaidie kuyapanga. Jina la kijana acha nafasi wazi, tutamuuliza yeye kama ataka liwemo.